Mtindi, dona, vidonge au kuacha asali: tumbo lianze na kipi?

Mtu anayelalamikia tumbo hapa Tabora hakosi washauri. Jirani atamwambia anywe mtindi. Ndugu aliyeko Dar atamtumia picha ya kopo la vidonge vya bakteria. Mama mkwe atamtwangia kitunguu saumu na kukichanganya na asali, na kijana anayepita na mkoba atamfungulia chupa ya kusafisha utumbo isiyo na lebo. Wote wanatibu kabla hawajauliza tumbo lenyewe linafanya nini.

Mimi nauza dawa, kwa hiyo huanza na maswali.

"Shikamoo mama. Tumbo linakusumbuaje?"

"Marahaba mwanangu. Limejaa tu, limewambwa kama ngoma."

"Choo unapata?"

"Baada ya siku mbili tatu, tena kwa kujikamua."

Akija mwingine mwenye tumbo lililojaa vilevile, lakini choo chake ni laini na anakwenda mara tatu kabla ya saa nne asubuhi, huyo si mgonjwa wa aina moja na mama yule, hata kama wote wawili wanasema "gesi". Kinachomfungua wa kwanza kinaweza kabisa kumtesa wa pili. Ndiyo maana sipendi swali la "kipi kizuri kwa utumbo". Nitaviweka vitu hivi viwiliviwili, na msomaji aangalie upande wake.

Dona na maharage, au mtindi?

Makapimlo, au nyuzinyuzi kama wengi tunavyosema, ni sehemu ya mmea ambayo utumbo mwembamba hauwezi kuisaga. Inafika nzima kwenye utumbo mpana, na huko bakteria wanaichachusha na kutoa asidi za mafuta fupi. Mojawapo, butireti, ndiyo chakula kikuu cha seli zinazojenga ukuta wa utumbo mpana. Sehemu isiyochachuka inavuta maji na kukipa choo ujazo. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2023, linataka mtu mzima apate angalau gramu 25 kwa siku. Kikombe kimoja cha maharage yaliyoiva kinakupa zaidi ya gramu 10. Sahani ya ugali wa sembe na kipande cha nyama haikufikishi popote, kwa sababu mashine ya kukoboa imeondoa pumba na kiini, na vyote vimebaki kuwa chakula cha kuku.

Mtindi unafanya kazi kwa njia nyingine. Hauna makapimlo hata kidogo. Unacholeta ni bakteria wa asidi ya laktiki walio hai, pamoja na kile walichokwisha kukitengeneza ndani ya maziwa. Wengi wao hawahamii tumboni mwako moja kwa moja. Ni wageni wanaopita, ila wakiwa njiani wanafanya kazi.

Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, waliwagawa watu wazima 36 makundi mawili kwa wiki 10. Kundi moja lilijaza makapimlo, lingine likala vyakula vilivyochachushwa. Waliokula vilivyochachushwa waliongezeka aina za bakteria tumboni, na protini kadhaa za uvimbe katika damu zikapungua. Wa makapimlo, kinyume na wengi walivyotarajia, hawakuongezeka aina za bakteria ndani ya muda huo. Wauza yogati walishangilia. Lakini hao walikuwa Wamarekani ambao tangu mwanzo hawakuwa walaji wakubwa wa makapimlo, na kundi la vilivyochachushwa lilifikia wastani wa takriban vipimo sita kwa siku. Kijiko kimoja cha mtindi baada ya pilau ni jambo jingine.

Utafiti unaonigusa zaidi umefanyika hapahapa nchini, Kilimanjaro, na matokeo yake yalichapishwa 2025. Wanaume 77 wenye afya walishiriki. Wa vijijini waliozoea chakula cha asili walipewa chakula cha kimagharibi kwa wiki mbili, wa mjini wakarudishwa kwenye chakula cha asili chenye mboga, kunde na nafaka zisizokobolewa, na kundi la tatu likanywa mbege, pombe ya ndizi, kwa wiki moja. Waliohamia chakula cha kimagharibi walipanda viashiria vya uvimbe mwilini. Waliorudi kwenye chakula cha asili, na hata wanywaji wa mbege, walielekea upande wa kushuka, na wiki nne baadaye baadhi ya mabadiliko yalikuwa bado yanaonekana. Sasa usitoke hapa mbio kwenda kilabuni: hao walikuwa wazima, hakuna aliyekuwa na vidonda vya tumbo, na kilichopimwa ni damu, si gesi.

Kwa hiyo, kwa yule mama wa choo kigumu, mimi naanza na makapimlo. Mtindi ni nyongeza nzuri kwake, lakini hautamfungulia choo kama dona, mlenda, mapapai, kunde na michembe, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa. Mlenda naupenda hasa, kwa kuwa ule utelezi wake ni makapimlo yanayoyeyuka, yanayolainisha choo bila kuleta gesi nyingi kama maharage. Bamia ni ndugu yake. Kinachowashinda watu ni haraka. Mtu ameishi na sembe miaka yote, Jumatatu anaanza dona asubuhi, mchana na jioni, Jumatano tumbo limevimba, Alhamisi anatangaza kwamba dona haimpendi. Ongeza kidogokidogo kwa wiki mbili tatu, na maji yaongezeke pamoja. Makapimlo makavu bila maji yanaweza kukifanya choo kiwe kigumu zaidi.

Dona nayo ina sharti lake. Sumukuvu hukaa zaidi kwenye pumba na kiini, yaani zilezile sehemu ambazo dona inazibakiza. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa sumukuvu ya mahindi. Mahindi yaliyolowa, yaliyobadilika rangi au kuota ukungu usiyapeleke mashineni kwa kisingizio cha afya. Kama huyajui mahindi yako yalikaushwa vipi, heri sembe yenye maharage kuliko dona ya mashaka. Hali hiyohiyo kwa karanga.

Mtindi wa kibuyu, yogati ya dukani, au kidonge?

Hapa ndipo pesa nyingi inapotea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mtu mzima mweusi akinywa glasi ya maziwa freshi na tumbo likanguruma, mara nyingi sababu ni laktosi. Kimeng'enya cha kuisaga hupungua kwa wengi wetu tukishakuwa wakubwa. Katika mtindi, bakteria wameshaila sehemu ya laktosi hiyo na wanaendelea kusaidia kuisaga baada ya wewe kunywa. Kwa hiyo anayesema "maziwa siyawezi" huenda akauweza mtindi bila shida. Kidonge cha bakteria si lishe. Mtindi hata kama bakteria wake wasingekusaidia chochote, bado umepata protini na kalisi.

Wa kibuyu una bakteria wengi na ladha ambayo kiwanda hakijaifikia, lakini swali langu kwa muuzaji ni moja tu: maziwa yalichemshwa? Mkoa huu una ng'ombe wengi, hasa Igunga na Nzega, na brusela, ugonjwa unaopita kwenye maziwa mabichi, si hadithi. Uchachu hauiui kwa uhakika. Homa inayokuja na kuondoka, viungo kuuma na jasho la usiku, halafu mtu anatibiwa malaria wiki baada ya wiki, wakati chanzo kilikuwa mtindi mbichi. Chemsha maziwa, yaache yapoe mpaka yawe vuguvugu, tia vijiko viwili vya mtindi mzuri wa jana, funika, acha usiku kucha. Umepata ubora wa kibuyu bila ugonjwa wake.

Yogati ya dukani soma lebo. Nyingine hupashwa moto baada ya kugandishwa ili zikae muda mrefu, na hapo bakteria wamekufa. Nyingine zina sukari ya kutosha kuitwa soda nzito. Ukiona imekaa rafu ya kawaida, nje ya friji, kwa miezi, usiihesabu kama chakula chenye bakteria hai.

Sasa kidonge. Kwenye kopo wameandika mabilioni, na mteja anadhani wingi ndio dawa. Hesabu hiyo mara nyingi ni ya siku kilipotoka kiwandani. Vingi vimeandikwa vihifadhiwe chini ya nyuzi joto 25, na mimi najua Oktoba ya Tabora ilivyo, tena kwenye duka la bati lisilo na kiyoyozi. Halafu kila bakteria ana kazi yake. Kuna ushahidi wa kuridhisha kwamba aina fulani, mfano hamira iitwayo Saccharomyces boulardii na bakteria Lactobacillus rhamnosus GG, hupunguza uwezekano wa kuharisha kunakoletwa na antibayotiki. Kwa tumbo la gesi na maumivu ya muda mrefu, ushahidi ni dhaifu kiasi kwamba chama cha madaktari wa mfumo wa chakula cha Marekani, katika mwongozo wa 2020, hakikupendekeza vitumike nje ya utafiti.

Na hata baada ya antibayotiki mambo hayajanyooka. Mwaka 2018 watafiti wa taasisi ya Weizmann, Israeli, waliona kwamba waliomeza mchanganyiko wa bakteria baada ya dozi walichelewa kurudisha bakteria wao wa asili, kuliko walioachwa bila kitu. Kundi lilikuwa dogo, lakini linatosha kumzuia mtu asimeze kopo zima miezi mitatu eti anajenga tumbo.

Kama pesa ni ya kitu kimoja, nunua maziwa. Kidonge ninampa mtu mwenye sababu maalumu: alikwishaharisha vibaya kwa antibayotiki siku za nyuma, na sasa amelazimika kumeza nyingine. Anakinywa siku za dozi na kidogo baada yake, basi. Mwenye kinga iliyoshuka sana, au aliyelazwa akiwa na mpira wa dawa kwenye mshipa, asimeze bila daktari, hasa hicho cha hamira.

Na nizungumze hili kwa kuwa linahusiana: antibayotiki nyingi tunazomeza kwa ajili ya tumbo hazikuhitajika. Mtu ana gesi, anapimwa Widal, anaambiwa "taifodi ipo kidogo", anaondoka na sipro na flajili. Widal inashika kingamwili, na kingamwili zinaweza kuwa za zamani au za maambukizi mengine. Gesi isiyo na homa siyo taifodi ya kukimbilia dozi. Kila dozi ya namna hiyo inafyeka bakteria uliotaka kuwalinda kwa mtindi.

Kuongeza au kupunguza?

Turudi kwa mteja wa pili, wa choo laini na tumbo linalokoroma. Huyu ukimwambia aongeze maharage utamwumiza. Mpango unaomfaa unakwenda kinyume: kwa muda, apunguze wanga mfupi unaochachuka upesi na kuvuta maji utumboni. Uliandaliwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Monash, Melbourne, na unajulikana kwa kifupi kama FODMAP. Vyakula vyenyewe ukivisoma kwenye vitabu vya Ulaya ni tufaha na asparaga, havitusaidii. Tuvitafute huku kwetu.

Anza na kifungua kinywa cha kijiweni: chapati, maharage, chai ya maziwa. Ngano ina fruktani, maharage yana rafinosi na stakiosi, maziwa yana laktosi. Vyote vitatu vimo kwenye orodha, na mchuzi wa maharage umekaangwa kwa vitunguu, ambavyo pia vimo. Mtu anakula hivyo saa mbili, saa nne ofisini amelegeza mkanda, na anasema ni vidonda vya tumbo.

Halafu kuna mambo mawili ya fahari ya Tabora: asali na maembe. Asali yetu ya miombo, ya Sikonge na kwingineko, ina fruktosi nyingi kuliko glukosi, na fruktosi ikizidi glukosi wengine hushindwa kuifyonza yote. Inashuka chini, inachachuka, inaleta gesi na choo cha maji. Embe nalo ni hivyohivyo. Sukari ya kawaida, ambayo nusu yake ni glukosi, kwa gesi ni afadhali. Sisemi asali ni mbaya. Kwa kikohozi naipendekeza mwenyewe. Ila mwenye utumbo wa aina hii akiacha sukari na kuhamia asali, kisha akaitia kitunguu saumu kama mama mkwe alivyomwelekeza, amechanganya vichokozi viwili katika kijiko kimoja. Msimu wa maembe ukianza, angalia kama malalamiko yako yanaanza nao. Wengine hawajawahi kuviunganisha.

Anachoweza kula kwa amani ni kingi: wali, ugali, karanga kiasi, samaki, mayai, kuku, mchicha, karoti, nyanya, machungwa, ndizi ambayo haijaiva mpaka kutoka madoa. Kwa wiki mbili hadi sita anajiepusha na vichokozi. Akiona nafuu, anarudisha kimoja kimoja, siku tatu kila kimoja, akianza na kidogo, mpaka ajue adui ni nani. Mara nyingi adui ni mmoja au wawili tu. Asiponafuika, arudi kula kawaida, kwa sababu njia hiyo si yake.

Kulinganisha njia hizi mbili, kupunguza kunaleta nafuu haraka zaidi kwa mwenye gesi na maumivu, lakini si mlo wa kuishi nao. Vyakula unavyoviondoa ndivyo bakteria wanaotufaa wanavyovila. Wahadzabe wa bonde la Eyasi, ambao utumbo wao umechunguzwa sana, wana aina nyingi za bakteria ambazo watu wa mijini hawana, na utafiti wa 2017 ulionyesha baadhi ya aina hizo hupotea msimu mmoja na kurudi mwingine kufuatana na chakula. Njia ya kupunguza ni ya kutafuta chanzo. Ukishakipata, rudisha vingine vyote.

Maharage hayahitaji kuachwa milele. Loweka usiku, mwaga maji, chemsha, mwaga maji ya kwanza, kisha pika mpaka yaive kabisa. Gesi inapungua, ingawa haiishi.

Chupa ya kusafisha utumbo, au kutofanya kitu?

Kutofanya kitu. Utumbo unajisafisha wenyewe. Ndiyo kazi yake. Nyingi ya chupa hizo ni dawa ya kuharisha, ama majani ya senna ama ule utomvu wa njano wa mshubiri. Unaharisha siku mbili, unajisikia mwepesi, unadhani sumu imetoka. Imetoka maji na potasiamu. Marekani iliondoa mshubiri kwenye dawa za kulainisha choo zinazouzwa bila cheti mwaka 2002, kwa kukosa ushahidi wa usalama wake. Mjamzito asiuguse. Kama choo kigumu hakikusikia chakula, maganda ya mbegu za isabgol, ambayo nayo ni makapimlo, yenye maji ya kutosha ni bora kuliko chupa yoyote isiyo na jina.

Kiungulia ni kesi nyingine

Moto wa kifua, maumivu ya chembe, njaa inayouma usiku: haya hayaamuliwi na mtindi wala dona. Hapa pima kwanza bakteria wa H. pylori, ambao Barry Marshall na Robin Warren walipewa tuzo ya Nobel mwaka 2005 kwa kuwagundua. Kati ya kipimo cha damu na cha choo, chagua cha choo. Cha damu kinaweza kuendelea kusoma "wapo" hata ukishapona. Ili cha choo kisikudanganye, omeprazo iwe imesimamishwa wiki mbili na antibayotiki wiki nne kabla. Ukiwa na dawa ya kutumia, omeprazo humezwa nusu saa kabla ya kula, si baada ya tumbo kuwaka, na si ya kununua mwezi hadi mwezi bila kumwambia mtu. Na kabla ya kulaumu pilipili, taja dawa za maumivu unazomeza. Diklofenaki ya mgongo inaleta vidonda kuliko pilipili yoyote.

Choo cheusi kama lami au chenye damu, kupungua uzito bila kutaka, chakula kukwama kooni, kutapika kila mara, au tumbo lililoanza kubadilika ukiwa umevuka miaka 45: hapo hakuna cha kulinganisha, nenda hospitali. Hospitali ya Kitete, hapa Tabora, wataanza na vipimo vya damu na choo, ikiwemo minyoo na kichocho, na ikihitajika kipimo cha kamera utapewa rufaa.

Mtoto mdogo anayeharisha hayumo kabisa kwenye mjadala huu. Yeye apewe maji ya ORS, paketi moja kwenye lita moja ya maji safi, pamoja na vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14, miligramu 20 kwa siku, au 10 kama hajafika miezi sita, na aendelee kunyonya. Zote mbili zipo kwenye duka la dawa muhimu.